Kufuli Tatu, Sanduku Moja: Somo Juu ya Kikundi cha Akina Mama Kijijini

Katika ukurasa huu wa mafundisho tunataka kujifunza pamoja juu ya jambo lililo mbele ya macho yetu kila juma, na labda kwa sababu hiyo hatulitazami vizuri: kikundi cha akina mama kijijini. Tunaomba mfungue kitabu cha Ruthu, msome 1:19-22, kisha mruke mpaka 4:13-17. Ni mistari michache. Wababa nao wasome, maana somo hili si la akina mama peke yao.

Tumezoea kumhubiri Ruthu, lakini leo mtazameni Naomi. Alikuwa mkimbizi. Njaa ilimtoa Bethlehemu pamoja na mume na wana wawili, akakaa Moabu miaka kama kumi, na huko huko akawazika wote watatu. Aliporudi kwao hakuwa na kitu, isipokuwa mke wa mwanawe aliyemfuata. Ni nani waliompokea? Ni wanawake wa mji. Walimtambua kwa shida, na mbele yao akatoa uchungu wake wote, hata akakataa kuitwa kwa jina lake. Hatusomi kwamba walimkemea.

Katika sura ya 4 wazee wanakaa langoni kushuhudia mambo ya shamba na ndoa, na kazi yao ni nzuri. Lakini mtoto anapozaliwa, majirani wanawake ndio wanaompa jina Obedi. Hilo ni jambo la nadra katika Biblia. Majirani wa Elisabeti walijaribu kumpa mtoto jina, wakakataliwa (Luka 1:59-60). Hawa wa Bethlehemu hawakukataliwa, kwa kuwa walikuwa na Naomi tangu siku ile aliporudi mikono mitupu.

Kazi ambazo ukoo ulizifanya

Kule tulikotoka, msiba ulipotokea hatukuuliza ni nani atachota maji. Shangazi walijua, wifi walijua, watoto wa baba mdogo walikuwa tayari wamekwenda kutafuta kuni. Mama alipojifungua, kulikuwa na mtu wa kumkanda kwa maji ya moto, mwingine wa kupika uji, mwingine wa kuwalisha wale watoto wakubwa. Mume na mke walipogombana usiku, asubuhi kulikuwa na mzee wa kike wa kwenda kuwasemesha. Mambo hayo yote hayakuwa na katiba wala daftari. Yalikuwa ukoo.

Vita ilipotutawanya, ukoo haukusafiri pamoja nasi. Shangazi mmoja yuko Nyarugusu, mwingine alibaki Uvira, mwingine hatujui. Hapa magharibi mwa Uganda mtu alipewa kiwanja kufuatana na siku aliyofika, si kufuatana na ukoo. Kwa hiyo aliyetoka Fizi amepakana na aliyetoka Ituri, na ng'ambo ya barabara kuna familia ya Burundi. Mmoja wao akifiwa usiku, ni nani ataosha maiti ya mama yake? Mwanamume hawezi. Binti wa miaka 14 tusimwachie kazi hiyo.

Katika vijiji vingi jibu limekuwa kikundi cha akina mama. Wao ndio wanaokuja na shuka, na sufuria kubwa, na kuni kila mmoja mzigo wake. Wanajua ni nani ana ujauzito wa miezi minane na mume wake hayuko. Wanajua ni nyumba gani moshi haukutoka tangu juzi. Kiongozi wa kijiji ataletewa habari hiyo baada ya siku tatu, tena kama ni habari mbaya.

Wenyeji wetu wana mambo ya namna hiyo pia, na ni vizuri tuyajue. Katika nchi ya Ankole na Kigezi kuna vikundi vinavyoitwa engozi, kwa jina la machela ya kumbebea mgonjwa juu ya mabega hadi hospitali. Baganda wana munno mukabi, yaani rafiki wakati wa shida, kwa ajili ya mazishi. Hivyo si vya akina mama peke yao, lakini shina ni lile lile: watu walikubaliana mapema, kabla mgonjwa hajalala chini.

Likilimba na sanduku

Kikundi kinachosaidiana kwa mikono tu hakikai muda mrefu pasipo fedha. Shuka linanunuliwa. Pikipiki ya kumpeleka mzazi kwenye kituo cha afya usiku inalipwa. Ndiyo sababu tangu zamani akina mama waliweka fedha pamoja. Kongo tunaita likilimba, Burundi wanasema ikirimba, Rwanda ikimina, Tanzania upatu. Wote wanatoa kiasi kimoja, na kila juma au kila mwezi mmoja anabeba chote.

Likilimba ni nzuri, hatuisemi vibaya. Lakini ina shida mbili. Ya kwanza, ugonjwa haungoji zamu. Zamu yako ni mwezi wa Oktoba, na mtoto anaugua Machi. Ya pili, aliyebeba mapema anaweza kuhama, na wale wa mwisho wanabaki na hasara. Kijijini kwetu kule nyumbani hilo lilikuwa jambo gumu, maana ukoo wa mtu ulijulikana. Hapa watu huondoka.

Mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini njia nyingine. Kikundi kiliitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, maana yake wanawake wenye maarifa ya kujitafutia njia. Hawakuletewa fedha za kugawa. Walifundishwa kuweka zao wenyewe, kukopeshana katika hizo, na kugawana zote mwisho wa kipindi. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo hesabu ilitunzwa kichwani: kila mmoja alikuwa na jambo lake la kukumbuka, na wote walisikia. Njia hiyo ilienea katika nchi nyingi za Afrika, pamoja na Uganda, Tanzania na Burundi. Kongo wengi wanaijua kwa jina la AVEC.

Tueleze inavyofanya kazi, maana tumeona watu wanaojiunga pasipo kuielewa, na baadaye wanalia.

Wanawake kama 15 mpaka 25 wanachaguana wenyewe. Wanakutana kila juma. Kila mmoja ananunua hisa, kuanzia moja mpaka tano, si zaidi, ili mwenye nacho asiwameze wengine. Hisa inaandikwa kwa mhuri katika kijitabu chake, na hata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri. Tuchukue mfano. Hisa iwe shilingi 1,000, wanawake wawe 20, na kila mmoja anunue hisa 3 kwa juma. Hiyo ni 60,000 kwa juma. Baada ya majuma 4 sanduku lina 240,000. Mama mwenye hisa 12 ameweka 12,000, na kwa kanuni ya kawaida anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, yaani 36,000. Kikundi kikiwa kimekubaliana kwamba mkopaji ataongeza 5 kwa kila 100 kwa mwezi, ataongeza 1,800.

Baada ya majuma 40 akiba yote ni 2,400,000. Tuseme nyongeza za mikopo na faini za wachelewaji zimefika 240,000. Jumla ni 2,640,000, zinagawanywa kwa hisa 2,400, na kila hisa iliyonunuliwa kwa 1,000 inarudi 1,100. Mama mwenye hisa 120 anaondoka na 132,000. Wengi hupanga siku hiyo iwe karibu na kufungua shule, au mvua za kupanda zikiwa karibu. Tunaona ni busara. Mgawanyo unaokuja wakati wa sikukuu huishia kwenye soda.

Kando ya akiba kuna mfuko wa jamii. Tuseme kila mmoja anatoa 500 kwa juma. Wanawake 20 wanapata 10,000. Mfuko huo una pochi yake ndani ya sanduku na haugawanywi mwisho wa mwaka. Ndio wa shuka, wa pikipiki ya usiku, wa unga kwa nyumba iliyofiwa. Kwa maoni yetu, hapo ndipo moyo wa kikundi ulipo, na kikundi kinachoweka akiba tu bila mfuko wa jamii kimekuwa benki ndogo.

Kwa nini kufuli tatu

Sanduku la chuma lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanawake watatu wasio viongozi, na yule anayelala na sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Fedha zinahesabiwa na wawili mbele ya wote. Kabla ya kufunga, kiasi kilichobaki kinatajwa kwa sauti, na juma linalofuata, kabla ya kufungua, wote wanaulizwa: tuliacha kiasi gani? Wote wanajibu.

Kuna waumini wanaona haya. Wanasema, sisi ni wa kanisa moja, kufuli za nini? Je, hatuaminiani? Tunajibu kwa 2 Wakorintho 8:16-21. Paulo alikuwa amekusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Hakumpa Tito peke yake abebe, ingawa alimwamini. Alituma na ndugu wengine, na akaeleza sababu: asilaumiwe mtu kwa habari ya fedha nyingi kama zile, na jambo lionekane kuwa jema mbele ya Bwana na mbele ya wanadamu pia. Basi kufuli si tusi. Inamlinda mama mwenye sanduku. Mtoto wake akinunuliwa viatu vipya, hakuna wa kunong'ona.

Na hapa makazini linahitajika zaidi kuliko nyumbani. Kule, mtu akila fedha ya wengine, kulikuwa na baba yake wa kumwendea. Hapa hatuna huyo baba. Kikundi kimechukua kazi za ukoo, lakini hakina damu ya kukishikilia pamoja. Kinashikiliwa na yale yanayofanyika mbele ya macho ya wote. Kikundi kikivunjika kwa ajili ya fedha, hazipotei fedha tu. Msiba unaofuata, wale wanawake hawaji, au wanakuja nusu, na nusu nyingine wanakaa nyumbani kwa hasira.

Juu ya nyongeza ya mkopo

Tumeulizwa na wengi, na wameuliza vizuri: je, hiyo 5 kwa 100 si riba iliyokatazwa katika Kutoka 22:25? Somo hilo linakataza kumgeuza maskini kuwa chumo. Tunaona tofauti kati ya nyongeza inayoingia mfukoni mwa tajiri na ile inayorudi kwa wanawake wale wale, naye mkopaji akiwa mmoja wao. Mama aliyekopa kununua debe la maharage ili auze, akipata faida, hakuonewa kwa kuongeza 1,800. Lakini mama aliyekopa kwa sababu mtoto ana malaria hakupata faida yoyote. Kumdai nyongeza huyo, sisi hatukubali. Huyo apewe kutoka mfuko wa jamii, arudishe kiasi kile kile, au kama kikundi kimeona hali yake, asirudishe. Vikundi vingine havifikiri hivyo. Jadilianeni, na muandike mlilokubaliana.

Wasio na hisa

Kuna jambo linalotusumbua zaidi kuliko riba. Mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata mgao ukapunguzwa tena. Siku hizo tuliona wazi nani yumo kikundini na nani hayumo. Wenye akiba walikopa wakanunua unga. Bibi anayelea wajukuu wanne, mjane mlemavu, msichana aliyezaa akiwa peke yake, hao hawakuwa na 1,000 ya hisa moja, wala hakuna aliyewachagua. Kikundi kinachojichagua chenyewe huchagua wanaoweza kulipa. Hiyo ni hekima ya fedha, lakini ndiyo inayowaacha nje wale wanaohitaji jirani kuliko wote.

Tena watu huchagua wanaosema lugha yao. Someni Matendo 6:1-6. Kanisa la kwanza lilikuwa na mgao wa kila siku, na wajane waliosahauliwa ni wale wa Kiyunani, kundi la lugha nyingine. Mitume hawakusema wajane wanapenda kulalamika. Waliamuru wachaguliwe watu saba, na ukiyatazama majina ya wale saba, yote ni ya Kiyunani. Yaani kazi ya kugawa iliwekwa mikononi mwa watu wenye majina kama ya wale walioachwa.

Tunapendekeza hivi, na akina mama watatusahihisha: sehemu ya mfuko wa jamii iwe kwa wasio wanachama wa kijiji hicho, hata kama ni mara moja kwa mwezi, na mkutano uendeshwe kwa Kiswahili tunachokielewa sote, hata kama wengi wao ni wa lugha moja. Minong'ono ya lugha nyingine wakati fedha zinahesabiwa imeua vikundi.

Neno kwa wababa

Mkopo ni wa mama, kijitabu ni chake, na deni ni lake mbele ya wenzake. Tumesikia ya baba anayengojea mlangoni siku ya mkopo, anachukua, anakwenda nazo, na juma linalofuata mama anaogopa kukutana na wenzake. Huyo baba hakuiba kwa mkewe peke yake. Ameiba kwa nyumba 20. Kwa upande mwingine, kuna akina mama wanaoficha kila kitu, na mume anasikia habari za sanduku kutoka kwa watu barabarani. Si vizuri pia. Vikundi vinavyowaita waume siku ya kusoma kanuni na siku ya kugawana vimepata amani zaidi, maana baba anaona kwa macho yake fedha zilikotoka na zinakokwenda.

Na kama kuna shirika limekuja na ahadi kwamba watakaounda kikundi watapewa mtaji, subirini. Kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya mtaji hufa siku mtaji unapogawanywa, au siku unapokosa kuja. Wale wa Maradi walianza na zao.

Anayeondoka

Likilimba na AVEC zilianzishwa na watu waliokuwa kwao. Sisi hatujui kama mwakani tutakuwa hapa. Mmoja anaitwa kwa safari ya nchi ya tatu, mwingine anaamua kurudi nyumbani, mwingine anafuata mume wake kwenye makazi mengine. Ndiyo sababu mzunguko mfupi wa miezi 9 mpaka 12 unatufaa: fedha ya mtu haifungwi miaka. Hata hivyo kanuni iandikwe mapema. Aliyepata tarehe ya safari aeleze kikundi siku ile ile. Deni lake likatwe katika hisa zake. Kilichobaki apewe kwa thamani aliyonunulia, bila kungoja mgawanyo. Mkiwa na kanuni hiyo, hatakuwa na sababu ya kuondoka kimya usiku.

Kisha kuna jambo lililotupata mwaka 2025. Januari 20 Marekani ilitoa amri ya kusimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Kuna familia zilizokuwa zimekwisha kuuza godoro na sufuria, zimeaga kanisani, zimechukua akiba yao. Wamerudi kukaa katika nyumba tupu. Mama wa nyumba hiyo anaona haya kupita mbele ya kikundi chake, kama Naomi alivyoingia Bethlehemu.

Kwa mikutano ya katikati ya juma tunaomba msome tena Ruthu 1:19-22 na kuzungumza. Katika kijiji chenu, ni nani angeosha maiti kesho kama kikundi kingevunjika leo? Ni lugha gani hazimo kikundini, na kwa nini? Na mama aliyechukua hisa zake kwa ajili ya safari iliyofutwa, anarudi kwa njia gani: anangoja mzunguko mpya, anaruhusiwa kununua polepole hisa alizokosa, au anaanza kwa kutoa katika mfuko wa jamii tu huku akikaa pamoja na wengine? Mtakalokubaliana liandikwe katika kanuni, na katibu alisome kwa sauti katika mkutano unaofuata, yeye mwenyewe akiwa ameitwa.